Karani na Neno Lisilozidi

Katika korti ya hakimu pale Tawa, upande wa Mbooni, kesi moja inaweza kupitia lugha tatu kabla ya saa sita mchana. Shahidi anaeleza kwa Kikamba, kiongozi wa mashtaka anauliza kwa Kiswahili, na hakimu anaandika kwa Kiingereza. Katikati yao amesimama karani wa korti. Punde tu alikuwa akiita majina ya washtakiwa na kutafuta faili iliyojificha chini ya nyingine; sasa amegeuka mkalimani, na anachodaiwa ni neno la Kiingereza linalolingana na lile lililotoka kinywani mwa shahidi, lisilozidi wala kupungua. Watu wanaohudhuria kesi humtazama zaidi wakili, kwa suti yake na sauti yake. Mimi nikikaa kwenye mabenchi ya nyuma humsikiliza karani.

Kiingereza chake hakuzaliwa nacho. Alikipata darasani kama wengi wetu, kwa mwalimu ambaye naye alikipata darasani. Kwa hiyo bado ni mwanafunzi wa lugha hiyo, ila mtihani wake haungoji Novemba. Unafanyika asubuhi yoyote korti inapokaa, mbele ya umma, na majibu yake yanaingia kwenye kumbukumbu za serikali.

Uzito wa majibu hayo hauonekani pale chumbani. Anayehukumiwa Tawa akikata rufaa, faili husafiri hadi Mahakama Kuu ya Makueni, mjini Wote, na jaji wa huko hufungua karatasi. Tangu uamuzi wa kesi ya Okeno, mwaka 1972, mahakama ya kwanza ya rufaa hutakiwa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Jaji hajui kwamba bibi fulani alisita kidogo kabla ya kujibu. Kikamba chake hakikumfikia kabisa. Anachosoma ni Kiingereza cha karani. Hata hapo Tawa penyewe, hakimu akihamishwa kesi ikiwa nusu, sheria inamruhusu anayempokea kuendelea pale mwenzake alipoachia, naye hurithi maneno yale yale.

Haki ya kupata mkalimani bila malipo imo katika kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010, na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema tangu zamani kwamba ushahidi ukitolewa kwa lugha asiyoielewa mshtakiwa, sharti afasiriwe papo hapo. Sheria inaishia hapo. Jinsi ya kulipata neno lenyewe, hiyo ni kazi ya mikono ya karani.

Kiingereza kina tabia ya kudai jibu ambalo shahidi hakuulizwa. Mama anasema, "Alikuja akanipiga mkononi." Kwa Kikamba, kama kwa Kiswahili, sentensi hiyo imekamilika na haina deni. Kwa Kiingereza ina madeni matatu. Aliyekuja ni "he" au ni "she"? Lugha zetu hazitenganishi mwanamume na mwanamke hapo. Kiingereza hakikuruhusu hata kuanza sentensi kabla hujaamua. Mkono nao: ni "hand", kuanzia kifundo hadi vidole, au ni "arm", hadi begani? Kama daktari aliyejaza fomu ya P3 ameandika jeraha la chini ya kiwiko, na kumbukumbu ya korti inasema "hand", wakili wa mshtakiwa atalifurahia pengo hilo kuliko chai ya saa nne. Kisha kuna kupiga. Kiingereza kina kofi lake, ngumi yake, kiboko chake, na neno la kupiga mara nyingi mfululizo, kila moja likiwa na kitenzi chake.

Hapa ndipo mkalimani mahiri anapojitenga na yule anayejua Kiingereza kingi tu. Anayejua kingi atatoa neno kali na la kupendeza: "he punched me", kwa sababu ndivyo alivyoona akilini mwake. Mahiri atachagua "hit", neno pana na butu lenye upana ule ule wa kupiga, akaacha kofi na ngumi zingoje swali la kiongozi wa mashtaka. Kuhusu mkono na kuhusu nani aliyekuja, hakisii. Anamgeukia hakimu kwanza: "Mheshimiwa, naomba nimwombe shahidi afafanue." Anaomba ruhusa kwa sababu karani na shahidi wakianza kuzungumza Kikamba wao kwa wao kwa dakika nzima, halafu hakimu akapewa sentensi moja, waliobaki wana haki ya kujiuliza zile nyingine zimekwenda wapi. Hakimu akikubali, anauliza swali moja fupi, kwa heshima inayostahili umri wa anayeulizwa. Mama ananyoosha mkono wake, anaonyesha. Karani anataja mahali palipoonyeshwa, na hakimu anaandika kwamba shahidi ameonyesha.

Kuna kitu kingine wageni hukicheka. Karani hasemi "anasema kwamba aliona". Anasema "I saw". Anazungumza kwa nafsi ya kwanza, kwa niaba ya kila anayepanda kizimbani. Kwa hiyo kijana mwenye ndevu atatamka kwa Kiingereza safi kwamba yeye ni mjane mwenye wajukuu, na uso wake hautikisiki. Ustadi huo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Ukishaanza kusema "anasema kwamba", umejiweka pembeni ya maneno, na ukiwa pembeni unapata kishawishi cha kuyatolea maoni.

Saa nazo zina mitego yake. Shahidi akisema saa mbili usiku, karani anasema "eight", na hesabu hiyo ya saa sita imeingia damuni kiasi kwamba haionekani kuwa kazi. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya imeufafanua usiku kwa dakika: unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kuisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuvunja nyumba mchana ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 7. Tendo lile lile likifanyika usiku hubadilika jina na kufika miaka 10. Shahidi akisema "palikuwa panapambazuka", karani akampatia hakimu neno la Kiingereza la asubuhi, ameuondoa usiku ndani ya kesi bila mtu kumtuma. Neno la alfajiri lipo, "dawn", halina saa ndani yake, na ndilo lililosemwa. Vivyo hivyo "usiku wa kuamkia Jumanne". Mwingereza huuita huo usiku wa Jumatatu. Karani lazima aseme Jumatatu wakati masikio yake yamesikia Jumanne, na aamini kwamba hivyo ndivyo anavyosema kweli.

Kikamba kina jambo ambalo hata Kiswahili hakina. Kitenzi chake cha wakati uliopita hubeba umbali ndani yake: kuna umbo la jambo la leo, la jambo la karibuni, na la jambo la zamani. Anayesikiliza Kikamba hupimiwa muda bila shahidi kutaja siku. Kiingereza kina umbo moja tu la kusema "nilimwona", liwe la asubuhi ya leo au la miaka kumi iliyopita. Karani akinyamaza, muda unapotea. Akiongeza neno la jana, amempa shahidi siku ambayo hakuitaja. Waliobobea hujibu kwa neno linaloacha mlango wazi, kama "recently", na kama muda ndio mzizi wa kesi, humwambia hakimu waziwazi kwamba kitenzi alichokitumia shahidi kinaonyesha jambo la karibuni.

Hakuna mahali kazi hii inakuwa nyembamba na ya hatari kama mshtakiwa anaposomewa mashtaka. Anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Anajibu, "Nĩ w'o," ni kweli. Kuna neno la Kiingereza ambalo kila mtoto wa Kenya aliyeangalia sinema analijua, nalo ni "guilty". Linakuja ulimini lenyewe. Karani mzuri analimeza. Anasema "It is true", maneno matatu ya darasa la pili, na hayo ndiyo yanayoandikwa. Kama mtu ana hatia au hana, hilo ni la hakimu kuamua baada ya kupima alichokikubali. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu huo katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973: mashtaka yaelezwe kwa lugha ya mshtakiwa au anayoielewa, pamoja na kila kiungo cha kosa, na maneno yake mwenyewe yaandikwe. Maneno yake mwenyewe. Inavutia kuona majaji wakitia sheria muhimu kiasi hicho mikononi mwa uaminifu wa mfasiri.

Tuseme mshtakiwa ameletwa kwa wizi wa mbuzi, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Anasema, "Ni kweli nilimchukua, lakini ni mbuzi wa deni langu." Nusu ya kwanza ni kukubali. Nusu ya pili huenda ni utetezi mzima, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu haimhesabii hatia aliyechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kulaghai. Kila kitu kinaning'inia kwenye "lakini" na kwenye "kuchukua". Karani akiharakisha, "took" itageuka "stole", na maneno ya baada ya "lakini" yatasikika kama porojo za mtu anayejitetea, yaachwe njiani. Akiwa mtulivu, atasema "took", atasema "but", atamaliza sentensi yote hadi kwenye deni, na hakimu mwenyewe ataandika kwamba mshtakiwa amekana. Kiingereza kinachohitajika hapo hakizidi cha mtoto wa shule ya msingi. Kinachohitajika zaidi ni kuvumilia sentensi ya mtu hadi nukta yake ya mwisho.

Hata ombi la kupunguziwa adhabu lina ngazi zake. "Naomba msamaha" na "naomba korti inihurumie" ni maombi mawili. La kwanza ni la aliyekosea kwa aliyemkosea. La pili linaelekezwa kwa mwenye uwezo wa kuadhibu. Kuyatia yote mawili ndani ya "I pray for leniency", kama inavyofanyika kila siku, ni uvivu uliozoeleka hadi ukaonekana kama utaratibu.

Niseme neno moja kuhusu Kiingereza cha Kenya, kwa sababu wasomi wetu wanakionea haya. Mlalamishi anasema, "Alikula pesa zangu." Karani anasema "He ate my money". Mgeni kutoka London atatabasamu. Lakini tafuta neno lingine uone. Ukisema aliziiba, umeshamhukumu mtu. Ukisema alizitumia, umemtetea. Ukisema alizipata kwa udanganyifu, umemsomea kifungu cha sheria ambacho mlalamishi hakukisikia maishani mwake. Kula pesa kunabeba lawama bila kutaja njia, na Kiingereza chetu kimekubali kubeba hivyo hivyo. Hakimu anaelewa, jaji wa Wote ataelewa, na mgeni akae nasi kidogo, ataelewa pia.

Kesi za watoto waliodhulumiwa zina mfano mzito zaidi. Mtoto hawezi, na pengine hajui, kulitaja tendo. Anasema, "Alinifanyia tabia mbaya." Kumbukumbu za korti zetu zimejaa "bad manners" kwa ajili hiyo, maneno ambayo Uingereza yangemhusu mtu anayetafuna huku mdomo wazi. Je, karani amekosea? Nadhani hajakosea. Mtoto alifunika, na mkalimani hana idhini ya kufunua. Kuuliza maswali ya upole ili jambo lijulikane ni kazi ya kiongozi wa mashtaka na hakimu. Mahakama ya Rufaa yenyewe imekiri kwamba watoto husema kwa mafumbo ya aina hii na kwamba korti zinaelewa wanachokusudia. Karani akiweka neno la kisheria kinywani mwa mtoto wa miaka saba, wakili wa utetezi atauliza, kwa haki kabisa, mtoto huyo alifundishwa na nani.

Ustadi mwingine haupendezi kuusimulia, nao ni kukumbuka neno ulilolitumia jana. Ng'ombe wa rangi ya udongo kwetu anaitwa mwekundu, na Mkamba pia humwita hivyo. Kwa Kiingereza ni "brown". Shahidi wa kwanza akifasiriwa "red", wa pili baada ya miezi mitatu "brown", kumbukumbu itakuwa na ng'ombe wawili ambapo zizini kulikuwa na mmoja. Mashahidi walikubaliana, aliyetofautiana ni mkalimani na nafsi yake. Ndiyo maana baadhi ya makarani huweka daftari dogo la maneno ya kesi zao: rangi, majina ya zana, majina ya sehemu za mwili, ukoo. Mjomba ni "maternal uncle", asiachwe kuwa "uncle" mtupu, kwa kuwa katika kesi ya urithi wa shamba kaka wa baba na kaka wa mama hawasimami mahali pamoja hata siku moja.

Na kuna maneno ambayo daftari hilo huyaacha bila mwenzake. Ntheo ni mojawapo: mbuzi na mambo yao ambayo kwa desturi ya Wakamba hufunga ndoa, na bila hayo wazee watakwambia hapakuwa na ndoa. Hakuna Kiingereza chake. Neno la mahari walilolizoea Wakenya, "dowry", limo hata ndani ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ingawa huko Ulaya lilikuwa mali aliyokwenda nayo bibi arusi kwa mumewe, kinyume cha safari ya mbuzi wetu. Karani akiitia ntheo humo ndani, ameipoteza. Kwa hiyo anasema "ntheo", analitaja herufi kwa herufi ili hakimu aandike, na hukumu za Mahakama Kuu zimeliweka vivyo hivyo. Kaluvu, pombe ya kienyeji, pia hubaki kaluvu, na shamba ni shamba tangu enzi za walowezi.

Ujasiri wa kuliacha neno una historia ndefu Ukambani. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha msamiati wa Kiingereza na Kikamba mwaka 1959. Kama kuna mtu aliyekuwa na maneno ya Kiingereza mfukoni, ni yeye. Hata hivyo, mwaka 1969, alipoandika kwa Kiingereza kitabu chake kikubwa kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alivichambua vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu ili aeleze wakati, akaona Kiingereza hakimtoshi. Akachukua "sasa" na "zamani" za Kiswahili, akaziweka katikati ya Kiingereza chake bila kuomba radhi. Wanafalsafa wengine walimpinga vikali kuhusu hoja yenyewe. Maneno yalidumu.

Kabla yake, aliyekuwa wa kwanza kuchapisha orodha ya Kikamba kando ya Kiingereza alikuwa Johann Ludwig Krapf, ambaye naye Kiingereza hakikuwa cha mama yake. Alikuwa Mjerumani wa Derendingen. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, na mwaka uliofuata orodha yake ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki ikatoka Tübingen. Msamiati wetu wa mwanzo, basi, ulifumwa na mwanafunzi wa lugha zote mbili. Kamati ya wamisionari wa Africa Inland Mission ilitoa kamusi ya Kikamba kwa Kiingereza mwaka 1939. Miaka mitatu baadaye, huko Tokyo, Japani ikiwa vitani na Uingereza, ilichapwa kamusi ya Hornby na wenzake, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiingereza wasio wazawa. Ile iliyokuja kujulikana kote Kenya kwa jina la Oxford ni mtoto wake. Hornby alikuwa amefundisha Japani, akajua kwamba mgeni wa lugha hakwami sana kwenye maana. Hukwama kwenye mambo kama kitenzi gani kinaandamana na nomino gani. Kwetu kiapo huliwa, kwao "oath" huchukuliwa, na hakuna akili ya kuzaliwa inayoweza kukisia hilo. Karani amejifunza hayo moja moja, kesi baada ya kesi, na mengi hakuyapata kwenye kamusi bali kwa hakimu aliyeinua macho na kurudia sentensi yake kwa upole ikiwa imenyooshwa.

Kitu ninachokihusudu zaidi kwa makarani hawa hutokea mara chache na hakidumu nusu dakika. Ushahidi umeendelea, swali la tatu limeshaulizwa, na karani anasimama wima: "Mheshimiwa, naomba kurekebisha. Nilisema 'lent'. Shahidi alimaanisha 'borrowed'." Kiswahili hutumia kuazima kwa pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, na katika kesi ya deni neno hilo moja linaweza kumgeuza mdai akawa mdaiwa. Wakili anainuka kupinga, kama anavyolipwa kufanya. Hakimu anamwambia akae, anamwelekeza karani amuulize tena shahidi ni nani aliyetoa pesa na ni nani aliyepokea, anakata neno la kwanza kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, anaandika la pili juu yake na kutia sahihi pembeni. Jaji akiifungua faili hiyo siku moja, atayaona maneno yote mawili, lililokatwa na lililobaki, na ataendelea kusoma.